Jiwe la Rangi ya Ini

Jumatatu, 1 Septemba 1952

Daftari langu la zamani limebaki shuleni pamoja na mwavuli wangu, na sitarudi kuvichukua. Bibi mkubwa wa misheni alisema mwalimu wa kike hajibizani na mkuu wake mbele ya watoto. Nikamjibu, mbele ya watoto. Kwa hiyo niko nyumbani Chamwali, bonde nilikozaliwa, mjane wa miaka thelathini na mmoja asiye na kazi, na Mama ananitazama kama chungu chenye ufa ambacho bado kinafaa kuwekea mahindi.

Mjomba Rafaeli alinipokea vizuri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mwalimu. Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Basi kaa ule."

Yakaishia hapo. Kwetu Wasagara ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo bonde hili, mashamba na makaburi yake, liko mikononi mwa Mjomba. Yeye akisema kaa, umekaa.

Alhamisi, 4 Septemba

Sasa nimejua kwa nini watu hapa wanazungumza kwa sauti ya chini. Mgiriki mwenye shamba la mkonge analitaka bonde letu. Mkonge wake umeshafika mpakani. Ukipanda kilimani unauona, mstari kwa mstari, mpaka macho yanachoka. Korona yake, ile mashine ya kuchambua nyuzi, inakunywa maji kuliko kijiji, na maji yako kwetu. Bwana DC, mkuu wa wilaya, atakuja kutoka Kilosa mwisho wa Novemba kutembea mipaka na kukata shauri. Jumbe amemwambia Mjomba wazi kwamba kwenye ramani ya Serikali bonde hili ni jeupe, halina kitu.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mama alinilia chakula changu, akisema hasira haijengi mwili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata kazi, tena kazi ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kusikia. Ninaosha mawe.

Yule Mzungu aliyepiga hema kwenye korongo letu tangu Agosti anaitwa Fenwick, ila hapa hakuna anayemwita hivyo. Ni Bwana Mawe. Ametoka pwani, upande wa Lindi, alikokusanya mawe kwenye fukwe za kale, na Kiswahili chake ni cha huko, kitamu, kinachochekesha mdomoni mwake. Anahitaji mtu wa kuandika namba ndogo kwa wino juu ya kila jiwe na kumtafsiria maneno ya wazee wanaosema Kisagara. Ninasugua jiwe kwa mswaki ndani ya beseni, ninalikausha, ninaliandika.

"Bwana, haya yalikuwa ya kazi gani?" nilimwuliza.

"Visu vyao hivi."

"Vya nani?"

"Vya watu waliokaa hapa kabla ya watu."

Nikadhani jua limempiga. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niweke mswaki chini. Akipata zana nzuri, zikiwa bado zimelala katika tabaka lake, atamwandikia Bwana DC mahali hapa pafungwe: lisipite jembe, usipandwe mkonge.

Jioni nilimweleza Mjomba. Alikuwa amekaa mlangoni akigonga mawe yake. Mjomba ndiye anayewachongea wawindaji mawe ya kutolea cheche kwenye bunduki za gumegume. Wanakuja kwake kutoka Msowero hadi Ruhembe. Aliposikia maneno yangu aliacha kugonga.

"Amepata?" akauliza.

"Vipande tu."

Ijumaa, 12 Septemba

Vipande tu. Mjomba aliuliza.

Jumatatu, 22 Septemba

Msimamizi wa wachimbaji ni Lupakisyo, Mnyakyusa aliyeletwa kama manamba kukata mkonge kwa Mgiriki. Alipanda cheo mpaka akawa nyapara, kisha akaacha kazi ghafla. Ni mrefu, ni mkimya, na ukimya wake haunipendezi. Leo nimemwona kule korona, amesimama na Mgiriki mwenyewe chini ya paa la bati, wanaongea. Mtu aliyeacha kazi kwa heri anarudi kuongea nini na bwana wake wa zamani?

Nilipomwuliza alisema, "Shughuli zangu tu, Mwalimu."

Tangu leo ninaficha daftari hili ndani ya mtungi wa mtama.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani. Mahubiri marefu. Mjomba aliniuliza hata njiani kurudi, mbele ya watu: "Amepata?"

Ijumaa, 3 Oktoba

Jua kali. Korongo linawaka. Bwana Mawe hataki lichimbwe zaidi ya kina cha kidole kwa siku, na udongo wote unapitishwa kwenye chekeche. Chini kabisa kuna tabaka gumu la chokaa, jeupe, linalovunja sururu. Anasema yaliyo chini ya chokaa hiyo hayajaguswa na mtu tangu yalipoanguka hapo. Nilidhani atachoka na kuondoka, lakini mtu huyu hachoki, na nimeanza kumheshimu kidogo, shingo upande.

Leo amenionyesha shoka la mkono alilolileta kutoka pwani. Ni nene chini, lina ncha juu, limechongwa pande zote mbili, nalo linakaa kiganjani kana kwamba kiganja kilipimwa kwanza. Nyumbani nilimchorea Mjomba kwenye majivu. Alichuchumaa akautazama mchoro ule mpaka uji wake ukapoa.

"Ndilo analolitafuta hili?"

"Ndilo."

Akafuta majivu kwa mkono.

Jumanne, 14 Oktoba

Habari mbaya. Bwana Mawe anakwenda Mikumi kesho. Kuna mwindaji amemwambia huko liko korongo lenye mawe mengi kuliko hili, na akiona ni kweli atahamisha kambi yote. "Sina ugomvi na Chamwali," aliniambia, "ila Chamwali hainipi kitu."

Nilimwambia Mjomba yote, neno kwa neno. Hakula. Mama alisema labda ni tumbo. Halikuwa tumbo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Korongo tupu, wachimbaji wamelala. Wingu la kwanza limetua juu ya milima ya Rubeho, dogo. Mjomba hakuuliza leo, kwa kuwa Bwana Mawe hayupo. Alishinda nyuma ya nyumba akigonga.

Jumanne, 21 Oktoba

Bwana Mawe amerudi kutoka Mikumi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Simba walinguruma kuzunguka hema lake, mpishi amekimbia, na mawe aliyoyakuta ni kokoto za mto. Anatupa muda mpaka mvua. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nadhani ni mara ya kwanza mtu kuwashukuru simba wa Mikumi.

Alhamisi, 23 Oktoba

AMEPATA! Mawili, kwa siku moja! Mashoka ya mkono kamili, yamekaa kwenye udongo wa juu wa shimo la mashariki. Bwana Mawe alipiga magoti. Wachimbaji walipiga vigelegele kama wanawake. Nilikimbia mpaka nyumbani bila viatu, na hata sikungoja kuulizwa.

"Amepata, Mjomba!"

"Vizuri," akasema, na kuendelea kula muhogo wake.

Nilidhani ni uzee.

Jumatatu, 27 Oktoba

Matatu mengine. Bwana Mawe anayachora moja moja kabla hayajaoshwa. Hataki yaguswe mpaka amalize. Lupakisyo hafurahi. Amesimama pembeni ya shimo anautazama udongo, tena anautazama, kama anayesoma. Kisha jioni akaelekea tena upande wa korona.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilimpeleka Mama zahanati Kilosa kwa ajili ya miguu yake. Tuliporudi tulikuta kambi yote imechangamka. Wamepata kubwa kuliko yote, la rangi ya ini, jembamba ukingoni, zuri kiasi kwamba hata mimi niliyechoka na mawe niliomba nilitazame tena. Bwana Mawe hakumruhusu mtu yeyote kuliosha. Alilisafisha mwenyewe kwa brashi, akalifunga ndani ya fulana yake mwenyewe, akaliweka kwenye sanduku pamoja na yale mengine. Kesho anamwandikia Bwana DC.

Bonde limepona.

Jumatatu, 3 Novemba

Mungu wangu.

Leo Bwana Mawe alimaliza kuchora akanipa yale matano niyaoshe, yote isipokuwa lile la fulana. Niliingiza la kwanza kwenye beseni na maji yakawa meusi. Siyo rangi ya udongo. Meusi ya masizi. Nikasugua. Chini ya weusi jiwe lilikuwa jeupe, jipya, na ukingo wake ukanichana kidole. Nikalinusa. Mafuta ya mbarika. Ni yale ambayo Mjomba hupaka mawe yake ya bunduki na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko ili yasiteleze kwenye kinywa cha gumegume. Ninaijua harufu hiyo tangu nikiwa mgongoni.

Bwana Mawe alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, ananipa mgongo, anaimba wimbo wa kwao. Nilimwaga maji. Nikachota tope, nikalipaka jiwe lile upya, nikaukausha uongo kwa nguo yangu, kisha nikaandika namba yake kwa mwandiko mzuri. Yale manne sikuyatia majini kabisa. Alipotoka nilifungua sanduku nikanusa fulana. Nayo ilinuka mbarika.

Jioni nilimkuta Mjomba nyuma ya nyumba.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mawe. Umeyaweka wewe."

Hakuona haya hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

"Mwanangu, mwindaji mgeni akija kuomba msitu wetu, tunafanyaje? Tunamwacha azunguke mpaka achoke? Tunaingia upande wa pili tunamswagia mnyama mpaka mbele ya bunduki yake. Akiua, ameua yeye. Huyu ni mgeni wetu. Ametafuta kwetu tangu Agosti, anataka kuondoka mikono mitupu. Nimemswagia."

"Mjomba, hao si wanyama! Ni mawe ya kale, yanapimwa! Wakijua watakufunga!"

"Nani atasema?"

"Uliweka yote? Na lile kubwa?"

Hapo akasimama, na sauti yake ikabadilika. "Usinivunjie desturi. Mswagaji hasemi amemtoa mnyama gani. Akisema, amemvua mgeni nguo mbele za watu. Sisemi, na wewe usiniulize tena."

Nami sikumwuliza tena. Nilisomeshwa na misheni, nimefundisha watoto sentensi za Kiingereza, lakini Mjomba akisema usiniulize, siulizi.

Alhamisi, 6 Novemba

Silali. Nikimwambia Bwana Mawe, ataondoka na bonde litakwenda. Nikinyamaza, siku watakapogundua bonde litakwenda vilevile, na Mjomba naye atakwenda, kifungoni. Nimepima pande zote mbili na kila upande una shimo.

Lupakisyo aliniuliza leo, "Mwalimu, una homa?"

Nilimwambia ashughulike na mambo yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Ilianzia Rubeho ikashuka na upepo, na kabla ya saa sita korongo lilikuwa na maji ya goti. Shimo la mashariki limezibwa kwa matope. Bwana Mawe ameanguka na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi manne, anauliza kama sanduku liko pakavu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Lupakisyo alionekana tena korona.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua, na jambo baya kuliko mvua. Tarishi wa Bomani amepita. Bwana DC ana mgeni wiki hii na ijayo, bwana wa madini kutoka Dodoma, mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kutazama mawe. Na Bwana Mawe, kwa homa yake, amefurahi! Anataka sanduku lipelekwe Bomani mara moja ili bwana yule ayaone na kutoa ushahidi kabla ya siku ya mipaka. Yeye hawezi kusimama. Ameniita karibu na kitanda.

"Nenda wewe, Mwalimu. Wewe unayajua mawe yangu. Lupakisyo atabeba."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa unaungua. Nilisema ndiyo, Bwana. Ningesema nini?

Jumatano, 19 Novemba

Ninaandika mchana, mlango nimeufunga. Nataka niandike kama ilivyokuwa nisije baadaye nikajipamba.

Tulitoka alfajiri, Lupakisyo mbele na sanduku kichwani, mimi nyuma. Mvua ilikuwa imekatika lakini njia yote ni utelezi. Nilikuwa nimeshaamua tangu nyumbani. Yule bwana wa madini angetia jiwe moja majini, moja tu, na Mjomba angekwisha. Mawe yasipofika, hakuna wa kupima kitu. Bwana Mawe angebaki na michoro yake na heshima yake, na pengine Bwana DC angeamini michoro.

Mto Miyombo ulikuwa umejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Daraja la lori limezama. Watu walikuwa wamelaza mti mkubwa sehemu nyembamba, wanavukia hapo. Nikamwambia Lupakisyo, "Nipe sanduku. Wewe ni mzito, mti utazama. Tangulia unipokee."

Alinitazama. "Mwalimu, ni zito."

"Nimesema nipe."

Akanipa. Akavuka, akageuka akanyoosha mikono. Nilifika katikati. Sikuteleza. Yeyote atakayesoma hapa ajue sikuteleza. Nilifungua mikono, sanduku likaanguka, likapiga maji, likazama kidogo, likaibuka, likaanza kwenda.

Nikapiga kelele kama mtu aliyepata ajali. Hilo nilikuwa nimelipanga. Ambalo sikulipanga ni Lupakisyo kuruka.

Aliruka na nguo zake zote. Nilimwona kichwa, kisha sikumwona. Gogo lilipita pale alipokuwa. Nikakumbuka kwamba Wanyakyusa wa milimani si watu wa kuogelea, na sasa nilipiga kelele ya kweli. Nilikimbia ukingoni nikianguka na kuinuka, nikiita jina lake, na nikamkuta chini kabisa kwenye kona ya mto ameng'ang'ania mizizi, damu inamtoka kwenye paji. Nilivua kanga nikamtupia ncha. Kwa muda mrefu mto ulimvuta upande wake nami nikamvuta upande wangu. Sijui nguvu zile nilizitoa wapi.

Alipotoka alilala kifudifudi, akatapika maji, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nililigusa, Mwalimu. Nililigusa likaniponyoka." Kisha mwanamume huyo mzima akalia.

Nilikaa kando yake kwenye matope. Nikamwuliza jambo lililokuwa likinila tangu Septemba: alikuwa anafuata nini kwa Mgiriki?

"Waya," akasema, akinishangaa. "Chekeche za Bwana zinaoza. Kule korona wanatupa waya mzee, lakini mpaka umbembeleze mwenyewe. Hataki fundi wake atoe. Kwani wewe ulidhani nini?"

Nilichana ncha ya kanga nikamfunga paji.

Alhamisi, 20 Novemba

Jana nilishindwa kumaliza.

Nilifika nyumbani nimelowa, nikamwita Mjomba pembeni. Nilitaka nimtulize. Nikamwambia asiogope tena, sanduku limekwenda na mto, mawe yake yote hayapo, hakuna atakayemfunga.

Kisha, polepole, akauliza yeye mwenyewe swali alilokuwa amenikataza.

"Hata lile la rangi ya ini?"

"Hata hilo."

"Mwanangu." Akakaa chini, pale pale kwenye tope, mzee wa ukoo mzima. "Uwindaji umekwisha, sasa naweza kusema. Mimi nilitoa matano. Lile si langu."

"Lilinuka mbarika!"

"Si lililazwa na yale matano? Weka samaki na mkate kwenye kapu moja uone." Alitazama viganja vyake. "Walipolitoa nilikwenda kulitazama. Nililishika. Nimechonga mawe tangu ujana, Yunis, na mawe ya baba yangu nimeyaona. Jiwe kama lile siwezi. Wala sikujua kwamba kuna mtu aliweza."

Niliingia ndani nikajilaza. Mama alikuja na uji, akaona uso wangu, akarudi nao.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimemwambia Bwana Mawe. Yote, ya Mjomba na yangu. Homa ilikuwa imemtoka, amekaa mbele ya hema, mwembamba kama fito. Nilisimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Sikumtazama usoni mpaka nilipomaliza. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. Aliuliza kitu kimoja, kama matano ndiyo yote. Kisha akaniambia mambo ya siku ile niliyokuwa Kilosa na Mama. Lile la rangi ya ini lilikuwa chini ya chokaa. Yeye na Lupakisyo walilala kifudifudi kutwa nzima wakikwangua kwa visu, kwa kupokezana, kwa hofu ya kulikwaruza.

"Nilisahau kukwambia ya chokaa," akasema. "Nilidhani kila mtu anajua."

"Na mimi sikuuliza, Bwana."

Akaingia hemani akafunga pazia. Nilimsikia akikohoa, au pengine hakuwa anakohoa.

Jumatatu, 24 Novemba

Lupakisyo na Mjomba wameshinda mtoni. Maji bado ni mekundu na hayaonyeshi kitu. Lupakisyo hajaniuliza kama niliteleza. Nadhani anajua. Amenisalimu kama kawaida, na salamu ile ilinichoma kuliko tusi.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Kesho.

Ijumaa, 28 Novemba

Walikuja na gari mbili mpaka zilipokwama, kisha kwa miguu: Bwana DC, karani wake, Jumbe wetu na mwavuli mpya, na Mgiriki. Ukoo wote tulisimama kando ya makaburi. Mgiriki hakuwa na habari yoyote ya mawe, ya kweli wala ya uongo. Alipiga miayo. Miezi mitatu nilimwogopa mtu ambaye hakuwa akiniwaza.

Bwana DC aliuliza viko wapi vitu alivyoandikiwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliona ni haki Bwana Mawe aseme kwamba Wasagara wa Chamwali ni waongo, wamemchezea, na mwanamke wao ametupa kilichobaki. Mjomba alikuwa amevaa kanzu yake ya Krismasi tayari kukamatwa. Bwana Mawe alivua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani, akasema kosa ni lake. Alilituma sanduku kipindi cha mafuriko, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi, na mto umelichukua. Akatoa mchoro wa lile la rangi ya ini.

Bwana DC aliutazama kwa heshima. Alisema ni mchoro mzuri, ila hawezi kukata mpaka kwa ajili ya karatasi. Kama jiwe lingekuwepo, bwana wa madini alikuwa Bomani mpaka jana, angeliona, na mambo yangekuwa mengine. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Kisha wakatembea, na mtu akawafuata akipigilia vigingi.

Makaburi yatazungushiwa waya. Mashamba, korongo na maji ni vya mkonge. Tutavuna kilichopo, halafu tuhamie Masanze kwa jamaa za Mama.

Mama hakulia. Alikwenda kupalilia mahindi yake kana kwamba hakusikia, mstari baada ya mstari, mpaka vigingi vikafika alipokuwa.

Jumanne, 2 Desemba

Bwana Mawe ameondoka. Lupakisyo amekwenda naye mpaka stesheni. Nilitaka kuomba radhi tena, akanizuia kwa mkono. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuja kutafuta mtu mmoja wa kale aliyejua kazi yake. Nimempata. Hilo haliwezi kuzama." Alisema ili kunifariji, na macho yake hayakufarijika. Ameniachia mswaki na chupa ya wino.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilikaa na Mjomba mlangoni, na hatimaye nilimwambia nisamehe.

"Nikusamehe nini?" akasema. "Sote wawili tulimsaidia mgeni. Mimi niliweka, wewe ukatoa. Angeachwa peke yake angelipata."

Tulikaa pale mpaka jua lilipozama.

Jumapili, 21 Desemba

Mkonge mchanga umefika kwenye malori, umepangwa chini ya turubai pale njia panda. Mtama wetu bado haujachanua. Lupakisyo amerudi, anatusaidia kuhamisha mapaa, na Mama ameanza kumwekea sahani bila kumwuliza. Kila baada ya kazi anapita mtoni kwanza.

Mjomba hachongi tena mawe ya bunduki. Amepata mwamba wa rangi ya ini kule juu, anaomba aletewe vipande vyake, na kila siku anakaa mlangoni akijaribu. Anaanza vizuri. Ukingo unatoka, ncha inatoka, kisha mahali fulani mkono wake unafika mwisho wa kile unachokijua na jiwe linakatika. Miguuni pake kuna rundo.

Jioni nilimaliza kufunga mizigo nikasimama nyuma yake.

"Umepata?"

Akaligeuza lile lililovunjika, akalitupa kwenye rundo.

"Bado," akasema. "Niletee lingine."